Mchikichi na Mbegu Yake: Maelezo kwa Wakazi wa Buhongwa

Mchikichi ni mti wa jamii moja na mnazi na mtende, na asili yake ni misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na ya Kati. Nyama ya tunda lake hutoa mawese, na kiini kilichomo ndani ya kokwa hutoa mafuta ya mise. Nchini Tanzania zao hili linajulikana zaidi mkoani Kigoma, ambako kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) huzalisha mbegu bora, hasa tangu Serikali ilipoanza kulifufua zao hilo mwaka 2018. Maelezo haya yanatolewa kwa faida ya watumishi na wananchi wa Buhongwa wanaofikiria kuupanda.

Jambo la kwanza ni mbegu. Mtu aliyeona chikichi yenye nyama tele hushawishika kuhifadhi kokwa zake na kuziotesha. Mbegu hiyo haina bei, lakini hasara yake ni kubwa. Ziko aina tatu za mchikichi: dura, yenye kifuu kinene na nyama nyembamba, iliyozoeleka Kigoma tangu zamani, pisifera, isiyo na kifuu, ambayo mikungu yake mara nyingi huharibika kabla ya kukomaa, na tenera, yenye kifuu chembamba na nyama nene. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya kazi Yangambi katika Kongo ya Wabelgiji, walieleza kwamba tenera ni chotara wa hizo mbili. Ua la dura likichavushwa kwa chavua ya pisifera, miche yote huwa tenera. Lakini tenera ikichavushwa na tenera, katika kila miche 100 takriban 25 huwa dura, 50 tenera na 25 pisifera. Kitaluni miche hiyo haitofautishiki kwa macho. Mkulima hupalilia na kutia mbolea kwa miaka 3 au 4, ndipo mti unapojidhihirisha, na huenda robo ya shamba isimpatie mavuno ya maana. Kwa hiyo ni lazima mnunuzi wa miche aulize mbegu zake zilitoka wapi, na asiridhike na jibu la kwamba mti mama ulizaa vizuri.

Jambo la pili ni maji. Mchikichi hustawi vyema penye mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, zilizogawanyika vizuri. Mwanza hupata takriban nusu ya kiasi hicho, na miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu. Mti haufi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, unapokosa maji huelekea kutoa maua mengi ya kiume na machache ya kike, na upungufu wa mikungu huonekana karibu miaka 2 baadaye, wakati mwenye shamba amekwisha kukisahau kiangazi chenyewe. Miinuko yenye mawe haifai. Panapofaa ni mabondeni penye unyevu usiotuama, au mahali panapoweza kumwagiliwa. Na hata hapo, ni busara kuanza na miti michache.

Miche hupandwa kwa pembetatu, mita 9 kutoka mti hadi mti, yaani karibu miti 57 kwa ekari. Katika miaka ya mwanzo maharage huweza kupandwa katikati. Mikungu iliyovunwa ikamuliwe ndani ya saa 24, kwani tunda lililochubuka huchachusha mafuta yake upesi.

Mfano wa karibu katika Ziwa Victoria ni kisiwa cha Bugala, Uganda, chenye mvua nyingi kuliko Mwanza. Mpango wa huko, ulioungwa mkono na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), ulilenga hekta 10,000, kati yake 3,500 zikiwa za wakulima wadogo. Wengi walipata kipato cha kudumu, lakini sehemu kubwa ya msitu wa kisiwa hicho ilifyekwa. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anayetaka kupanda michikichi karibu na maji apime umbali huo kabla ya kuchimba mashimo.