Mafuta ya Giaboksi ya Otomatiki



Mashauri mengi tunayoletewa huanza hivi: giaboksi ya gari kuukuu imekufa, na tajiri anataka kumkata dereva mshahara. Sisi huuliza kwanza: mafuta yalibadilishwa lini, na ya aina gani? Mara nyingi hakuna ajuaye.

Giaboksi ya otomatiki haitumii mafuta kwa kulainisha tu. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayopeleka nguvu ya injini na kusukuma klachi zishike, na tena yanapoza. Kwa hiyo mafuta ya injini hayafai kabisa, wala mafuta yote mekundu si mamoja. Dexron ya General Motors ina dawa ya kufanya klachi zishike taratibu. Type F ya Ford haina dawa hiyo, nayo hushika kwa nguvu. (Wamarekani walikuwa wakitumia mafuta ya nyangumi kwa kazi hiyo, mpaka yakapigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970.) Toyota nyingi za miaka ya 1980 zilitaka Dexron II; nyingine za baadaye zinataka Type T-IV. Fuata kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti cha kupimia, si bei ya dukani.

Magari mengi hupimwa mafuta yakiwa moto na injini ikinguruma, mahali tambarare, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda huzimwa kwanza. Mafuta ya kahawia yenye harufu ya kuungua yamechoka. Yakifanana na chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, gari lisiendeshwe.

Ukimwaga, pima lita zilizotoka. Shusha sampo, badilisha filta na gasketi, safisha sumaku. Chuma laini kama unga ni kawaida, vipande si kawaida. Rudisha kiasi kile kile, kisha pima upya, maana mafuta yakizidi hufanya povu. Yanayotoka ni theluthi au nusu tu, mengine hubaki ndani ya konveta. Basi rudia kazi baada ya siku chache.

Giaboksi ambayo tayari inateleza haiponi kwa mafuta mapya. Hapo dereva amwandikie tajiri mapema, na nakala ailete tawini. Kila badiliko liandikwe katika daftari la gari: tarehe, kilomita, aina na lita, na msimamizi atie sahihi.