Nani hurekebisha saa ya Kampala ndani ya kompyuta?

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa dakika 60. Tangu usiku huo, msafiri anayevuka mpaka kutoka Elegu, upande wa Uganda, na kuingia Nimule hujikuta na saa moja ya ziada: ikiwa ni saa nne asubuhi Elegu, ng'ambo ya pili ni saa tatu. Kwa wafanyabiashara wa Kampala wanaopeleka bidhaa zao Juba, mabadiliko hayo yaligusa mambo ya kila siku, kama vile saa ya kufunguliwa benki, saa ya basi kuondoka na saa ya kumpigia simu mteja.

Saa ya ukutani hurekebishwa kwa kidole, na kazi ikaishia hapo. Kompyuta ina njia nyingine. Mtu aliyeketi katika ofisi ya barabara ya Lumumba, Nakasero, akiandika kwamba mkutano na wenzake wa Juba utaanza saa tano asubuhi, huiachia mashine ipige hesabu ya tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili. Mashine ambayo haikuwa na habari za uamuzi wa Juba iliendelea kuamini kwamba hakuna tofauti yoyote. Basi ni nani aliyeipa habari mashine iliyokuwa nazo?

Jibu limo katika hazina ndogo ya data inayosambazwa pamoja na mifumo endeshi ya kompyuta, yaani zile programu za msingi zinazoamsha mashine na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Linux inaitumia hazina hiyo, na vivyo hivyo Android, ambayo imejengwa juu ya Linux na ndiyo iliyomo katika simu nyingi za mkononi Afrika Mashariki. Hata mashine za kampuni ya Apple huitegemea. Ni mafaili ya maandishi matupu, yanayoweza kusomwa na mtu yeyote bila kifaa maalumu. Kila mji uliochaguliwa kuwakilisha eneo lake una mistari michache inayoeleza saa zake zilikuwaje, zilibadilika lini, na sasa ziko vipi.

Aliyeianzisha katika miaka ya 1980 ni Arthur David Olson, aliyekuwa mtumishi wa taasisi za taifa za afya nchini Marekani. Leo mhariri wake ni Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Haiuzwi, na karibu yote haina hakimiliki. Ni sehemu ya kile kinachoitwa programu huria, neno ambalo mara nyingi hufasiriwa kuwa programu za bure. Tafsiri hiyo ni pungufu. Uhuria wake ni kwamba msimbo uko wazi. Anayetaka kuusoma anausoma, anayeona kosa anaruhusiwa kulisahihisha, na anayekataa sahihisho la mwenzake anaweza kutengeneza nakala yake mwenyewe na kuendelea nayo.

Kosa hupitia wapi hadi kurekebishwa?

Mfano wa Sudan Kusini unaonyesha njia yote. Habari za uamuzi wa Juba zilipotangazwa Januari 2021, ziliwafikia watunzaji wa hazina hiyo kwa barua pepe, kama zinavyowafikia habari za nchi nyingine zote. Hakuna ofisi ya umoja wa mataifa inayozilazimisha serikali kuwajulisha. Hutegemea mtu aliyesoma gazeti, aliyesikia redio au aliyeona waraka wa wizara, akachukua dakika chache kuandika. Anayeandika huulizwa swali moja kubwa: ushahidi uko wapi? Waraka rasmi una uzito kuliko maneno ya mtaani, na waraka wenye tarehe na saa kamili una uzito zaidi. Toleo jipya lililobeba mabadiliko ya Juba lilitoka tarehe 24 Januari, wiki moja tu kabla ya saa kurudishwa nyuma.

Wiki moja si haba. Machi 2023 serikali ya Lebanon iliahirisha ghafla kusogeza saa mbele, kisha ikabatilisha uamuzi wake baada ya siku chache, na watunzaji wakalazimika kutoa matoleo mawili ndani ya wiki moja, la pili likifuta lililofanywa na la kwanza.

Lakini toleo kutoka ni nusu ya safari. Kutoka hapo sahihisho huchukuliwa na wasambazaji wa mifumo endeshi, kama vile Debian na Ubuntu, ambao hulijaribu, hulifungasha na kuliweka mahali ambapo kompyuta zitalichukua. Kompyuta ya ofisi iliyounganishwa na intaneti na yenye mtu wa kuihudumia hulipata bila mwenyewe kutambua. Iliyozimiwa masasisho ili kuokoa bando haitalipata. Kwa simu za Android hali ilikuwa ngumu zaidi: hadi toleo la 8.1, lililotoka 2017, data ya saa ilibadilika pale tu mtengenezaji wa simu alipoamua kutuma sasisho la mfumo mzima, na watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu huziacha simu zao mapema. Kuanzia toleo hilo iliwezekana kuisasisha data ya saa peke yake. Mtandao wa simu nao unaweza kuiambia simu saa ya mahali ilipo, jambo linalofunika sehemu ya tatizo, ila hauwezi kuiambia kwamba miadi iliyoandikwa mwezi uliopita kwa saa za mji mwingine sasa iko mahali pasipo pake.

Ndiyo maana mafundi hutofautisha kosa lililorekebishwa na kosa lililokwisha. La kwanza ni kazi ya mhariri mmoja na wasaidizi wake. La pili hutegemea mamilioni ya mashine ambazo yeye hatazigusa kamwe.

Kampala inayosoma kwa Nairobi

Uganda yenyewe haijabadilisha saa zake kwa zaidi ya miaka 60, kwa hiyo ingedhaniwa kwamba haina hadithi humo. Inayo, na ni ya ajabu kidogo. Tangu 2014 Kampala haina mistari yake katika mafaili makuu ya hazina hiyo. Jina lake limo, na anayelichagua kwenye orodha ya miji atajibiwa vizuri, lakini jina hilo limekuwa kiungo tu: mashine ikiulizwa saa ya Kampala, huenda kusoma mistari ya Nairobi. Dar es Salaam, Mogadishu, Addis Ababa, Asmara, Djibouti, Antananarivo na visiwa vya Komoro pia husoma huko huko.

Sababu si dharau. Kanuni ya watunzaji ni kwamba maeneo ambayo saa zake zimekuwa sawa tangu 1970 huwekwa pamoja, kwa kuwa tarehe 1 Januari 1970 ndiyo ambayo mifumo ya jamii ya Unix huanza kuhesabu sekunde zake. Kampala na Nairobi zimekuwa na saa moja tangu kabla ya uhuru wa nchi zote mbili. Kwa mtu anayetaka kujua saa ya leo, au hata ya miaka 40 iliyopita, hakuna kinachopotea.

Kinachopotea ni cha kabla ya hapo. Mistari ya zamani ya Kampala ilihamishiwa katika faili la kando, ambalo kwa kawaida halisomwi. Humo imeandikwa kwamba hadi Julai 1928 Kampala ilifuata jua lake, saa mbili, dakika 9 na sekunde 40 mbele ya Greenwich. Kisha saa tatu kamili. Kuanzia 1930 saa mbili na nusu. Kuanzia 1948 saa mbili na dakika 45. Na kuanzia 1957 saa tatu, kama ilivyo sasa. Mistari ya Nairobi inasema jambo jingine: kwamba saa tatu kamili zilirejea huko tangu mwisho wa Julai 1942.

Zikilinganishwa, mwaka 1950 kuna pengo la dakika 15 kati ya miji hiyo miwili. Je, abiria aliyeshuka katika stesheni ya Kampala mwaka huo, akitoka Nairobi, alilazimika kurudisha nyuma mshale wa saa yake kwa robo saa? Kompyuta mbili zilizowekwa juu ya meza moja Nakasero zinaweza kutoa majibu mawili tofauti, kwa sababu baadhi ya wasambazaji wa mifumo endeshi huamua kulirudisha faili la kando na wengine hawafanyi hivyo. Kwa anayeandaa kumbukumbu za zamani kwa njia ya kompyuta, za simu za upepo, za hospitali au za mahakama, robo saa hiyo inaweza kuingia katika rekodi bila mtu kuiandika.

Data hizo za zamani zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitokana na vitabu vya atlasi vilivyotungwa kwa ajili ya wapiga ramli wa nyota, ambao huhitaji kujua saa kamili ya kuzaliwa kwa mteja. Kampuni ya Marekani iliyomiliki haki za atlasi hiyo, Astrolabe, iliwashtaki Olson na Eggert mwishoni mwa Septemba 2011. Hazina ilifungwa kwa siku kadhaa. Kabla Oktoba haijaisha ilikuwa imehamia chini ya IANA, taasisi inayosimamia pia namba na majina ya msingi ya intaneti, na Februari 2012 kampuni hiyo iliondoa kesi. Ubora wa data hizo ulibaki palepale. Watunzaji wenyewe wameandika ndani ya mafaili kwamba nyingi haziaminiki, maana atlasi hazikutaja ushahidi wake.

Kenya ilipata bahati. Mwishoni mwa 2020 historia ya Nairobi ya kati ya 1908 na 1960 iliandikwa upya baada ya mchangiaji mmoja kupekua magazeti rasmi ya serikali ya kikoloni na kuleta matangazo yenye tarehe. Ndipo ule mwaka 1942 ulipoingia, badala ya 1960 iliyokuwa imeandikwa mwanzo. Hakuandika programu yoyote ngumu. Alisoma nyaraka za kale, akanukuu, na mistari minne mitano ikabadilika katika mashine za dunia nzima.

Kazi kama hiyo kwa upande wa Uganda ingeweza kuanzia Nakasero kwenyewe. Katika barabara ya Lourdel, iliyopewa jina la padri Mfaransa ambaye Waganda walimwita Mapeera, lipo jengo la kituo cha kumbukumbu za taifa, ambako zilihamishiwa nyaraka za utawala wa kikoloni zilizokuwa Entebbe. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika barabara ya Lumumba, kuna vijana wanaojifunza na kuandika programu katika kitovu cha Outbox. Anayejua kusoma nyaraka na anayejua kusoma msimbo wako katika kilima kimoja. Ujuzi wa kuandika msimbo ndio unaosifiwa zaidi, lakini katika kasoro hii ujuzi unaohitajika zaidi ni wa mtunza kumbukumbu.

Suala la nani aunganishwe na nani liliwahi kuzua ugomvi, ingawa si kwa ajili ya Kampala. Mwaka 2021 Eggert alipotaka kuiunganisha miji ya Ulaya kwa kanuni ile ile, baadhi ya watengenezaji wa programu walipinga vikali, wakisema historia za nchi zitafutika. Jibu lake lilikuwa kwamba miji ya Afrika ilikwisha kuunganishwa, na haikuwa haki Ulaya iendelee kuwa na mistari yake. Agosti 2022 kanuni ilitekelezwa: Oslo, Stockholm na Copenhagen zikawekwa chini ya Berlin, Amsterdam chini ya Brussels, na Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, ikaanza kusoma saa zake kwa Abidjan.

Katika hoja hiyo Eggert alikuwa na haki, ingawa usawa wa kanuni hauleti usawa wa ushahidi. Historia ya Ulaya iliyohamishiwa faili la kando ina watu wengi wa kuitetea, wenye makabrasha mkononi. Mistari ya Kampala ina tarehe nne tu za mabadiliko, na kati ya hizo ni ya 1928 peke yake iliyotajwa mwezi. Ile ya mwisho, iliyoipatia Uganda saa inayotumika hadi leo, imeandikwa 1957 tu, bila siku wala mwezi.