Kocha Aitwaye Adeer

Modogashe, huku Lagdera katika Kaunti ya Garissa, ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Garissa hukutana hapo na ile ya Isiolo kwenda Wajir. Alasiri, watu wakishatoka msikitini, vijana hushuka kwenye kiwanja cha vumbi, na ukikaa pembeni utasikia neno moja likienda na kurudi: "Adeer!" Mchezaji humwita kocha adeer, na kocha naye humjibu mchezaji adeer.

Mgeni hudhani amesikia vibaya. Kwa Kisomali adeer ni ami, ndugu wa baba. Ila kwa Wasomali jina la heshima humrudia aliyelitoa: mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama, mjomba humwita mpwawe abti, yaani mjomba, na ami vivyo hivyo. Mkubwa hapungukiwi na kitu kwa kulitoa jina hilo, na mdogo analipokea pamoja na wajibu wake. Sijui mila nyingine inayomfunga kijana kwa mwalimu wake kwa upole kiasi hiki.

Kocha huyo mara nyingi ni mwalimu wa hesabu au wa historia. TSC, tume inayowaajiri walimu, inamlipa kwa kazi ya darasani; mpira ni jioni zake. Soka ya shule za sekondari nchini Kenya huchezwa muhula wa pili, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda ambamo Garissa, Wajir na Mandera hukutana. Muhula huo huanguka kati ya mvua za gu na ukavu wa hagaa, na hapo ndipo penye kazi. Gu ikinyesha vizuri, malisho yako karibu na mshambuliaji wako yuko shuleni. Ikikosa, mifugo huhama, na vijana wenye nguvu ndio wanaohitajika. Ngamia ni kazi ya wanaume: kuwachunga, kuwakama, kuwafuata siku nyingi mbali na boma, huku kina mama na watoto wadogo wakibaki na mbuzi na kondoo. Kati ya 2020 na 2022 misimu 5 ya mvua ilikosa mfululizo. Ni kocha gani angesimama mbele ya baba aliyekuwa akihesabu mizoga, amwambie kuna mechi Jumamosi?

Kwa hiyo ukocha huku huanzia chini ya mti wanapokaa wazee. Hapo ndipo haki ya malisho hupangwa, hapo diya hukadiriwa mtu akimwaga damu, hapo pia kijana huombewa ruhusa. Na wazee wataangalia jambo jingine. Mtoto wa Kisomali hufundishwa nasaba yake mapema, ataje baba, babu na waliowatangulia vizazi vingi nyuma. Kikosi cha wachezaji 11 kinaweza kusomwa kwa koo zao kabla ya kusomwa kwa nafasi zao uwanjani. Kocha asiyejua hilo atashangaa lawama zinatoka wapi.

Kijana akisharuhusiwa, kuna namna ya kumfundisha. Namfikiria hapa mzee mmoja wa Marekani, John Gagliardi, kocha wa ule mpira wao wa kofia ngumu. Alianza mwaka 1943 akiwa na miaka 16: kocha wa shule yao huko Trinidad, Colorado, aliitwa vitani, naye akaishika timu. Akafundisha chuo kidogo cha Carroll, Montana, kisha mwaka 1953 akahamia chuo cha Saint John's, Collegeville, jimbo la Minnesota, na hakuondoka mpaka alipostaafu mwaka 2012. Alishinda michezo 489, kuliko kocha yeyote wa vyuo katika mchezo huo, na mataji 4 ya taifa. Alifariki mwaka 2018.

Huyu hakutumia filimbi mazoezini. Alikataza wachezaji kuangushana mazoezini ingawa mchezo wenyewe ni wa kuangushana. Hakumfukuza kijana aliyetaka kujiunga. Na hakutaka kuitwa kocha. Wote walimwita John. Wenzake walimwona mtu wa ajabu. Mchungaji wa Lagdera asingemshangaa. Ngamia ana jina lake, huitwa kwa sauti anayoijua, na kisimani huimbiwa anywe kwa utulivu. Ukimpiga na kumkemea utapata taabu. Kuhusu kutomwacha mtu nje, huku ndugu aliyemalizwa na ukame huazimwa ngamia wa kukamwa mpaka asimame tena.

Collegeville iko karibu na St. Cloud, mji wenye Wasomali wengi, na wengi wa Wasomali waliofika Minnesota walipitia kambi za Dadaab, humu humu Garissa. Watoto wao wanakua karibu na chuo alichokitumikia mzee yule miaka karibu 60.

Wasichana nao wanataka kucheza, na mazungumzo yao ni marefu zaidi: mavazi ya staha, uwanja uliositirika, mwalimu wa kike wa kuwasimamia. Nayaona ni madai ya haki, na mahali pake ni chini ya mti ule ule.

Basi wewe mwalimu uliyepangiwa Lagdera mwaka huu ukakabidhiwa timu, filimbi iweke mfukoni kwanza. Muulize kijana baba yake yuko wapi. Nenda umwone kabla muhula haujafunguliwa, ukae mkekani, unywe chai yake, umweleze tarehe za mashindano na lini utamrudisha mwanawe. Akikubali, atakuwa amekubali mbele ya wazee wenzake, na kijana atakuwapo uwanjani.