Mtaalamu wa Suti

Vijana wa Kibomet, hapa Kenya, waliohitimu ualimu na bado wanangoja ajira ya TSC, tume ya kuajiri walimu, huulizia sana kazi ya kufundisha Kiingereza nchini China. Nikiwatafutia jibu, nikakutana na simulizi ya Mitch Moxley, mwandishi Mkanada aliyekuwa akiishi Beijing, katika jarida la The Atlantic la mwaka 2010. Tangu niisome, haijanitoka.

Moxley alipewa kazi ya wiki moja ya kukagua ubora, kwa dola 1,000, huko Dongying katika mkoa wa Shandong. Ujuzi haukuhitajika. Kilichotakiwa ni ngozi nyeupe na suti. Rafiki wa rafiki yake, aliyemletea kazi hiyo, hakumficha: tutavaa suti, tutapeana mikono na watu, tutachukua pesa, ubora hakuna atakayeukagua. Wakaenda kundi zima. Wakavishwa helmeti na vizibao vya rangi ya chungwa, wakatembezwa kwenye kiwanda kilichokuwa kikijengwa. Siku ya uzinduzi mmoja wao alipanda jukwaani kama mkurugenzi, akajigamba kwa orodha ndefu ya wateja wa kimataifa. Siku nyingine, asema Moxley, walikaa tu ofisini wakisoma majarida na kufukuza nzi, eti maofisa wakuu wa kampuni ya Marekani ambayo baadaye aligundua kwamba haikuwepo.

Nzi hao wamenikaa rohoni. Wenyeji walioijua kazi hasa walilipwa ngapi wiki hiyo? Na aliyewakodi wageni alitaka kumpumbaza nani: serikali, wateja, au wenye mitaji? Filamu ya David Borenstein, Dream Empire ya mwaka 2016, inaonyesha biashara hiyohiyo Chongqing, wageni wakikodiwa ili majumba mapya yapate wanunuzi.

Sasa mtazame mwalimu wa Kibomet. Amesomea Kiingereza miaka yote, na Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua kuwa lugha rasmi. Lakini kanuni za vibali vya kazi China zimekuwa zikiwapa kipaumbele walimu kutoka nchi chache zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza cha kuzaliwa nacho. Afrika Kusini imo, Kenya haimo. Cheti chake hakijamsaidia, na mwenye suti hakuulizwa cheti.

Nanyi wenye shule za kibinafsi hapa kwetu mnaobandika watoto wa Kizungu kwenye mabango yenu, kama waliowakodi wageni wale, wabandueni. Wekeni wanafunzi wenu, na majina ya walimu wanaowafundisha.