Lijue ua la moto na kiazi chake chenye sumu



Mvua zikikolea, pita kando ya msitu wa miombo au vichaka vya pwani, utazame pembeni mwa njia. Utaona ua jekundu lenye kingo za manjano, limening'inia juu ya kichaka kana kwamba kichaka kimeshika moto. Ukiwa na watoto, watakuwa wamekwisha kulichuma kabla hujasema neno.

Ua hili lina majina mengi, maana kila kabila lina lake. Wataalamu wa mimea huliita Gloriosa superba. Maneno hayo ni ya Kilatini, na maana yake ni lenye utukufu na fahari. Hapa mimi nitaliita ua la moto. Nchini Zimbabwe ndilo ua la taifa. Sikatai, ni zuri sana. Lakini mmea wote una sumu, na sumu nyingi zaidi imo katika kiazi na mbegu.

Watu wengi wanalijua ua, lakini mmea wenyewe hawaujui. Hapo ndipo penye hatari. Ua huonekana majuma machache tu ya mvua, kisha hunyauka. Shina na majani nayo hukauka na kupotea wakati wa kiangazi. Kiazi hubaki ardhini, kikingoja mvua nyingine. Mtu anayefungua shamba jipya, au anayechimba viazi pori kwa sababu ghala ni tupu, hukutana na kiazi peke yake bila ua la kumwonya.

Basi anza kulijua jani. Jani la mmea huu ni refu, la kijani kinachong'aa, na halina kikonyo. Mishipa yake imelala sambamba kutoka chini hadi juu, kama ya jani la hindi. Sasa tazama ncha yake. Ncha imerefuka ikawa nyembamba kama uzi, nayo hujiviringisha kwenye kijiti chochote cha jirani. Mmea huu hupanda kwa ncha za majani yake. Kiazi kikuu hakifanyi hivyo. Kiazi kikuu hupanda kwa kusokota shina lake, na jani lake lina kikonyo na umbo la moyo. Ming'oko inayochimbwa Lindi na Mtwara ni ndugu wa kiazi kikuu, na jani lake ni la namna hiyo hiyo. Ukiona jani lenye ncha ya kujiviringisha, weka jembe chini.

Ua lenyewe lina vipande sita virefu vyenye mawimbi pembeni. Ua hutazama chini, lakini vipande hivyo vimepinda kuelekea juu kama ndimi za moto. Likifunguka huwa na rangi ya kijani na manjano, kisha siku baada ya siku huiva kuwa jekundu. Tunda hupasuka sehemu tatu na kuonyesha mbegu nyekundu. Mbegu hizo ni kama shanga, na mtoto akiona shanga huzitia mdomoni.

Kiazi ni kirefu, cha mviringo kama mchi mdogo. Mara nyingi kina mikono miwili iliyoungana mfano wa herufi V, au L. Herufi hizo unazijua, basi zikumbuke shambani. Lakini usitegemee herufi peke yake. Jembe likikikata, kipande kitafanana na kiazi kitamu au kiazi kikuu, na ndivyo watu wanavyokosea. Kukichemsha hakuondoi sumu.

Sumu hiyo inaitwa kolichisini. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitoa katika mmea wa Ulaya ulio jamaa ya huu. Hufanya kazi hivi. Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo ndogo ambazo hugawanyika ili kuzaa nyingine. Kolichisini huzuia kugawanyika huko. Kwa hiyo huumia kwanza zile sehemu za mwili ambazo chembe zake huzaliwa upesi. Utumbo hutangulia, halafu uboho unaotengeneza damu, na mwisho nywele.

Mtu aliyekula kiazi hiki anaweza kukaa saa 2 hadi 12 bila kuona kitu. Kisha mdomo na koo humwaka, hutapika, tumbo humsokota, huharisha sana, pengine na damu. Ndugu zake hudhani ni kipindupindu. Baada ya siku moja au mbili kutapika kunaweza kupungua, nao hudhani amepona, kumbe figo, moyo na damu ndio vinaanza kushindwa. Aliyeokoka huweza kunyonyoka nywele baada ya juma moja au mawili.

Kwa hiyo usingoje kuharisha. Ukijua tu kwamba mtu amekula, hata akiwa anacheka, mpeleke zahanati au hospitali saa ile ile. Chukua kipande cha kiazi kilichobaki, au jani, ukamwonyeshe mganga wa zahanati. Usimtapishe kwa nguvu nyumbani na usimpe dawa za mizizi. Akiwa anaharisha na anaweza kumeza, mpe maji safi kidogo kidogo njiani.

Pengine utaniuliza: mbona hospitali nyingine hutoa kolichisini kama dawa? Ni kweli, hutumika kutibu ugonjwa wa jongo. Lakini kidonge kimoja huwa na kiasi cha nusu miligramu tu. Chukua gramu moja uigawe mafungu 2,000. Fungu moja ndilo hilo. Hakuna mtu anayeweza kupima hivyo kwa kijiko au kwa macho, hata awe mzee wa dawa wa kusifika.

Mifugo nayo hufa. Mwanzoni mwa mvua, majani ya malisho yakiwa bado haba, ng'ombe na mbuzi hula chochote kibichi. Mchungaji na aujue mmea huu, awapitishe mbali.

Wanaochimba viazi pori kiangazi nawashauri hivi: nenda msituni wakati wa mvua, ukiwa bado unaona majani, utie alama kwenye mashina unayoyajua kuwa ni chakula. Kiangazi chimba penye alama tu.

Sisemi tuung'oe msituni kote. Vipepeo na chozi hufuata maua yake, na huko hautudhuru. Lakini ukiota katika shamba la viazi, au karibu na nyumba yenye watoto, ung'oe pamoja na viazi vyote, maana kipande kilichobaki huota tena. Vaa glavu au funga mkono kwa mfuko wa plastiki, kwa sababu maji yake huwasha ngozi. Usivitupe jalalani penye nguruwe na mbuzi. Vifukie kwenye shimo refu, halafu osha jembe, panga na mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.