Smith: Jina la Ukoo Lililotokana na Uhunzi

Smith ni jina la ukoo la Waingereza lenye maana ya mhunzi, yaani mfua chuma. Mhunzi alihitajika karibu kila kijiji: alifua majembe, misumari na bawaba za milango, na kuwapigilia farasi viatu vya chuma. Ndiyo maana jina lake lilienea kuliko majina mengine ya kazi, kama vile Baker la waoka mikate au Miller la wasaga nafaka.

Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, watu wengi walikuwa na jina moja tu. Baadaye makarani wa kodi na mahakama, ili kumtofautisha John huyu na yule, waliongeza kazi ya mtu, jina la baba yake, makazi yake au umbo lake. Mwanzoni jina la kazi lilimhusu mwenye kazi pekee. Kufikia mwaka 1400 hivi, familia nyingi zilikuwa zikirithishana majina hayo, na mwana wa mhunzi aliitwa Smith hata kama alishona viatu.

Kwa desturi, watoto hurithi jina la ukoo la baba, na mke huchukua la mumewe. Hiyo ni mila, si sharti la sheria. Wapo wanawake wanaobaki na majina yao na wanandoa wanaounganisha yote mawili. Zamani mtoto wa nje ya ndoa aliitwa kwa jina la mama.

Urithi wa mali nao uliweza kubadili jina. Mwaka 1750 Hugh Smithson, ambaye jina lake lina maana ya mwana wa Smith, alichukua jina la Percy, la ukoo wa kikabaila wa mkewe. Mwanawe wa nje ya ndoa, James, alikua akiitwa Macie, jina la mama yake, kisha akachukua jina la Smithson baada ya mama yake kufariki mwaka 1800. Mali aliyoacha ndiyo iliyoanzisha Taasisi ya Smithsonian, Marekani, mwaka 1846.

Nchini Marekani, sensa ya mwaka 2010 ilihesabu zaidi ya akina Smith milioni 2.4. Miongoni mwao wamo wazao wa wahamiaji wa Kijerumani waliogeuza jina la Schmidt, na wazao wa Waafrika waliokuwa watumwa. Kwa hiyo, kuitwa Smith hakutoshi kuthibitisha udugu wa damu.