Waliomtafuta Rodriguez

Mwaka 1970 Sixto Rodriguez, mwanamuziki wa roki wa Detroit, Marekani, alitoa albamu iitwayo Cold Fact. Kwao wachache mno waliinunua. Afrika Kusini vijana walinakiliana nyimbo zake kwenye kanda na kupeana habari zake, hata ya uongo kwamba alijiua jukwaani. Uvumi hauhitaji nauli. Mashabiki wachache walikataa kuridhika nao. Wakachambua maneno ya nyimbo wakisaka jina la mji, na mwaka 1997 wakampata, mzima, fundi wa kubomoa na kukarabati nyumba.

Ndugu zangu, hiyo ni kwa mwimbaji tu. Katika jumuiya yako yupo ambaye haonekani tangu Pasaka. Habari zake tunazo zote, hata michango anayodaiwa. Nani amekwenda kumbishia hodi?